Je, wahafidhina waandamane mara nyingi zaidi?

Kalamu Tulivu (mleta mada):

Wanajukwaa wenzangu, salaam.

Naomba tujadili swali ambalo kila ninaposoma historia ya harakati za kisiasa hunirudia. Husemwa mara kwa mara kwamba mhafidhina, yaani mtu anayetaka kulinda taasisi, maadili na mpangilio aliourithi, si mtu wa barabarani. Ana kazi yake, ana familia yake, ana ibada yake, na anaamini kwamba mambo ya nchi huamuliwa kwenye sanduku la kura, bungeni na mahakamani. Edmund Burke, mwanasiasa na mwandishi anayehesabiwa baba wa uhafidhina, alipokuwa akiwatahadharisha Waingereza kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa mwaka 1790, aliwaambia wasidhani kwamba panzi wachache wanaopiga kelele chini ya majani ndio wakazi pekee wa konde, wakati maelfu ya ng'ombe wamejilaza kivulini wakicheua bila kutoa sauti. Richard Nixon, Rais wa Marekani, naye, katika hotuba yake ya tarehe 3 Novemba 1969 kuhusu vita vya Vietnam, aliomba kuungwa mkono na wale aliowaita walio wengi na walio kimya.

Hoja hiyo inafariji, lakini ina kasoro kubwa, kwa kuwa anayekaa kimya ni rahisi kusahauliwa. Wabunge, waandishi wa habari na hata majaji ni binadamu, na wanapoona upande mmoja tu ndio unaojaza barabara mwaka baada ya mwaka, huanza kuamini kwamba upande huo ndio nchi yenyewe. Wakati huohuo ninakiri kwamba maandamano yana tabia zake ambazo si rahisi kupatana na uhafidhina. Yanahitaji hasira, yanahitaji maneno machache yanayotosha kwenye bango, na mara nyingi humpa nafasi mwenye koo kubwa kuliko mwenye hoja. Sijawahi kuona bango lililosema kwamba jambo hili lina uzito, kwa hiyo na tulitafakari kwa miaka mingine kumi.

Swali langu ni hili: je, wahafidhina wanapaswa kujitokeza barabarani mara nyingi zaidi kuliko wanavyofanya, au kujizuia kwao ni sehemu ya imani yao na hawapaswi kuiacha? Ningependa mifano ya nchi yoyote ambayo matokeo yake yanajulikana, na ningeomba tusitukanane.

Mchambuzi wa Jioni:

Mleta mada, ahsante kwa swali lililoulizwa kwa utulivu. Ninaanza kwa kupinga msingi wake kidogo, kwa sababu si kweli kwamba wahafidhina hawaandamani. Mwaka 1536 maelfu ya watu wa kaskazini mwa Uingereza waliinuka kutetea monasteri na ibada zao za zamani dhidi ya Mfalme Henry VIII, wakibeba bendera yenye Majeraha Matano ya Kristo, katika tukio lililokuja kuitwa Hija ya Neema. Kama hao hawakuwa wahafidhina, basi neno hilo halina maana. Kwa hiyo kuingia barabarani ili kulinda kilichopo ni desturi ya zamani kuliko vyama vyenyewe vinavyojiita vya kihafidhina. Linalotakiwa kuulizwa ni kwa nini baadhi ya maandamano hayo yalifanikiwa na mengine, yenye watu wengi kama hayo au zaidi, yalipita kama upepo.

Ufaransa inatusaidia sana hapa, kwa sababu imeshuhudia maandamano makubwa matatu ya mrengo wa kulia katika muda wa chini ya miaka 50, na matokeo yake yalitofautiana. La kwanza ni la tarehe 30 Mei 1968. Baada ya wiki kadhaa za wanafunzi kujenga vizuizi mitaani na mamilioni ya wafanyakazi kugoma, Rais Charles de Gaulle, ambaye siku moja kabla alikuwa ameondoka Paris kimyakimya kwenda Baden-Baden, Ujerumani, kuonana na Jenerali Massu, kamanda wa majeshi ya Ufaransa huko, alitoa hotuba ya redio isiyozidi dakika tano, akatangaza kwamba analivunja Bunge na kwamba hang'atuki. Jioni hiyo mamia ya maelfu ya watu walijaza barabara ya Champs-Élysées wakipeperusha bendera ya taifa. Mwezi mmoja baadaye chama chake kilipata wingi mkubwa bungeni ambao haukuwa wa kawaida. Ninachokitazama mimi katika siku ile ni kwamba umati ulipewa kazi ya kufanya: uchaguzi ulikuwa umekwisha kuitishwa, na kila aliyetembea jioni ile alijua kwamba baada ya wiki chache ataitwa tena, safari hii kwenye kituo cha kupigia kura. Watu hawakuondoka pale na hasira isiyo na pa kwenda.

La pili ni la tarehe 24 Juni 1984. Serikali ya Rais François Mitterrand ilikuwa na muswada, uliojulikana kwa jina la waziri wa elimu Alain Savary, ambao wazazi wengi waliuona kuwa ungezimeza shule binafsi, nyingi zikiwa za Kikatoliki, ndani ya mfumo wa serikali. Zaidi ya watu milioni moja waliingia Paris kwa makadirio ya wengi. Mwezi uliofuata Mitterrand aliuondoa muswada huo, Savary akajiuzulu, na serikali ya Waziri Mkuu Pierre Mauroy ikaondoka. Hayo ni mafanikio ambayo upande wowote ungeyaonea wivu.

La tatu ni la mwaka 2013. Wapinzani wa sheria ya ndoa za watu wa jinsia moja waliandamana mwezi Januari, wakaandamana tena Machi, wakaandamana tena Mei, na idadi yao ilikuwa mamia ya maelfu hata kwa hesabu ya polisi, ambayo kwa kawaida huwa ya chini. Sheria ilipita na ikatiwa saini mwezi huohuo wa Mei, na maandamano ya mwisho yalifanyika ikiwa imekwisha kuanza kutumika. Kama mara nyingi zaidi lingekuwa jibu, basi mwaka 2013 ungekuwa na ushindi na 1984 ungekuwa na kushindwa.

Tofauti iko wapi? Kwa maoni yangu iko kwa yule aliyekuwa akiombwa kurudi nyuma. Mwaka 1984 Mitterrand angeweza kuuacha muswada bila kuvunjika, kwa sababu mrengo wa kushoto wenyewe ulikuwa umegawanyika kuhusu jinsi ya kuuandika, na wiki moja tu kabla ya maandamano, tarehe 17 Juni, vyama vyake vilikuwa vimepata pigo katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Zaidi ya hapo, shule zile zilikuwa zikisomesha watoto wa familia nyingi ambazo hazikuwa za kihafidhina hata kidogo, familia ambazo zingeweza kukipigia chama cha rais na ambazo sasa zilikuwa barabarani. Mwaka 2013 hali ilikuwa kinyume. Rais François Hollande alikuwa ameahidi sheria ile katika kampeni ya 2012, alikuwa na wingi wa wabunge, na watu waliokuwa wakitembea chini ya madirisha yake kwa sehemu kubwa hawakumpigia kura na hawakuwa na mpango wa kumpigia. Kurudi nyuma kungemgharimu watu wake na kusingempatia mtu mmoja mpya.

Uingereza ina mfano unaofanana. Tarehe 22 Septemba 2002 watu zaidi ya 400,000 waliingia London kutetea maisha ya vijijini na uwindaji wa mbweha kwa mbwa. Walikuja kwa njia mbili, moja ikibeba jina la uhuru na nyingine la riziki, zikakutana Whitehall, na kila walipofika mbele ya mnara wa kumbukumbu ya askari waliokufa vitani walinyamaza, kisha wakaendelea na vuvuzela na filimbi zao mbele kidogo. Sidhani kama kuna picha ya umati wa kihafidhina iliyo bora kuliko hiyo. Hata hivyo sheria ya kupiga marufuku uwindaji huo ilipitishwa mwaka 2004, tena kwa kulipita Baraza la Mabwana, yaani baraza la juu la Bunge, lililokuwa likiipinga, ikaanza kutumika Februari 2005. Serikali ya chama cha Labour, cha mrengo wa kushoto, ilitazama umati ule ikaona watu wengi ambao hata wakikasirika hawana kura ya kuiondolea, kwa sababu hawakuwahi kuipa.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta mada ni kwamba idadi ya siku za maandamano haina uzito unaodhaniwa. Kabla ya kutoka, mhafidhina ajiulize ni nani hasa anayetakiwa kubadili msimamo, kama mtu huyo anaweza kufanya hivyo bila kujiangamiza kisiasa, na kama ndani ya umati kuna watu ambao yeye anaogopa kuwapoteza. Pasipo hayo, umati hujifurahisha wenyewe na kurudi nyumbani.

Mlinzi wa Zamu:

Ndugu Mchambuzi wa Jioni ameeleza vizuri, ila sijui kwa nini vuvuzela imeingia London mwaka 2002. Nadhani zilikuwa ni pembe za wawindaji. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba anayahukumu maandamano kama anayehukumu kesi, kwamba kuna aliyeshinda na aliyeshindwa na faili limefungwa. Mimi nasema maandamano mengi hayafanyiki kwa ajili ya muswada wa mwezi huo.

Chukua Marekani. Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Roe dhidi ya Wade, iliyoufanya utoaji mimba kuwa haki ya kikatiba, tarehe 22 Januari 1973, na mwaka uliofuata, katika tarehe hiyohiyo, Nellie Gray na wenzake walifanya matembezi ya kwanza ya kupinga utoaji mimba mjini Washington. Kwa kipimo cha Mchambuzi wasingetoka kabisa, kwa sababu waliokuwa wakiombwa kubadili msimamo ni majaji wasiopigiwa kura na mtu yeyote. Lakini walitoka tena mwaka uliofuata, na uliofuata, katika baridi ya Januari, kwa karibu nusu karne, hadi Mahakama hiyo ilipoitengua hukumu yake tarehe 24 Juni 2022.

Sisemi kwamba matembezi ndiyo yaliyoandika hukumu ya 2022. Hukumu iliandikwa na majaji walioteuliwa na marais na kuthibitishwa na Seneti, na nyuma yao kulikuwa na miaka mingi ya kazi ya wanasheria wa kihafidhina, wakiwamo wale wa Federalist Society iliyoanzishwa mwaka 1982. Lakini kazi hiyo ya ndani ilihitaji wapiga kura wasiochoka kuuliza, uchaguzi baada ya uchaguzi, mgombea atateua majaji wa aina gani. Watu hao walikuwa wakikumbushana wapi? Walikuwa wakikumbushana pale Washington kila Januari, walipokuja kwa mabasi ya parokia na ya shule, vijana wakiwa wengi kuliko wazee, na mwanasiasa aliyehitaji kura zao akilazimika kuamua kama atapanda jukwaani au atatuma salamu tu. Marais waliowaunga mkono walizoea kutuma salamu au kuzungumza nao kwa simu kupitia vipaza sauti. Ilikuwa mwaka 2020 ndipo rais aliye madarakani, Donald Trump, alipofika mwenyewe. Hiyo ni safari ya miaka 46 kutoka matembezi ya kwanza hadi rais kupanda jukwaani, na isingefika huko kama wangekuwa wanatoka pale tu mahesabu ya kura yanapowaruhusu.

Kuna ushahidi mwingine ambao naupenda kwa sababu unahusu mvua. Tarehe 15 Aprili 2009, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi nchini Marekani, wafuasi wa Tea Party, vuguvugu la kihafidhina lililopinga kodi na matumizi makubwa ya serikali, walifanya mikutano ya hadhara katika mamia ya miji. Kuna miji iliyopata mvua na kuna iliyokuwa mikavu, na mvua, kama tujuavyo, haina chama. Watafiti wa uchumi, katika makala iliyochapishwa mwaka 2013 kwenye Quarterly Journal of Economics, walilinganisha maeneo hayo na kukuta kwamba palipokuwa pakavu watu walijitokeza wengi zaidi, na katika uchaguzi wa Bunge wa 2010 palepale Warepublican, yaani chama cha mrengo wa kulia, walipata kura zaidi kuliko palipolowa. Maana yake ni kwamba mchana mmoja wa kusimama pamoja uliacha kitu nyuma yake, kwa sababu watu walijuana, wakapeana majina, wakaanza kugombea na kuchangishana. Mwaka ule chama hicho kiliongeza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi. Sheria ya bima ya afya waliyokuwa wakiipinga haikufutwa, na hapo nampa Mchambuzi haki yake, lakini chama chenyewe kilibadilika.

Kwa hiyo ndiyo, waandamane mara nyingi zaidi, na hasa wayafanye maandamano yawe desturi yenye tarehe maalumu. Mhafidhina anayeelewa umuhimu wa sikukuu na ibada ya kila juma hapaswi kuhitaji kufundishwa faida ya jambo linalorudiwa.

Mchambuzi wa Jioni:

Kuhusu vuvuzela nakubali, ni pembe. Kuhusu tarehe maalumu nakubali nusu. Wiki chache tu baada ya hukumu ya 2022, tarehe 2 Agosti, wapiga kura wa Kansas, jimbo lisilo na sifa ya kuegemea kushoto, walikataa kwa karibu asilimia 59 pendekezo la kuondoa haki ya utoaji mimba katika katiba ya jimbo lao. Matembezi ya kila Januari yaliwahifadhi walioamini tayari. Hayakuwafikia majirani zao. Anayeandamana kila mwaka na watu walewale huweza kusahau kwamba kuna watu wengine.

Nahodha Mstaafu:

Naomba kuongeza jambo moja ambalo wachangiaji wawili waliotangulia wamelikwepa, nalo ni gharama ya vurugu.

Maandamano ya upande wowote yanaweza kuharibika, lakini yakiharibika mhafidhina hulipa zaidi, kwa sababu utulivu na utii wa sheria ndiyo bidhaa anayoinadi. Tarehe 6 Januari 2021 watu wengi walihudhuria mkutano wa wafuasi wa Trump karibu na Ikulu ya Marekani, na ni sehemu yao tu walioingia kwa nguvu katika jengo la Bunge wakati kura za wajumbe wa uchaguzi wa rais zikihesabiwa. Hakuna anayekumbuka waliorudi hotelini. Askari polisi walipigwa kwa nguzo za bendera, na watu waliokuwa wamekaa majira yote ya kiangazi cha 2020 wakilaani uchomaji wa maduka katika maandamano ya upande wa pili walijikuta wakitafuta maneno ya kueleza tofauti.

Mfano wa Canada unanifundisha zaidi, kwa sababu hauko wazi kiasi hicho. Mwishoni mwa Januari 2022 madereva wa malori waliokuwa wakipinga masharti ya chanjo ya korona waliingia Ottawa, mji mkuu, na kukaa. Hawakuvamia Bunge. Walichofanya ni kuegesha malori katika mitaa ya katikati ya mji na kupiga honi mchana na usiku, hata mkazi mmoja akaenda mahakamani, na tarehe 7 Februari jaji akaamuru honi zinyamaze. Tarehe 14 Februari serikali ilitumia Sheria ya Dharura, na mwezi Januari 2024 Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba matumizi hayo hayakuwa na msingi unaotosha. Kwa hiyo serikali ilivuka mpaka. Lakini hata hivyo, mtu anayesema anatetea familia ya kawaida amjibu mama aliyeshindwa kumlaza mtoto wake kwa sababu ya honi. Kuna wahafidhina waliokuwa wakidai wanamazingira wanaofunga barabara wakamatwe papo hapo, na baadaye walikuwa wakichangia mafuta ya malori. Huwezi kushika kanuni kwa mkono mmoja na kuiachia kwa mwingine.

Mimi siwakatazi watu kutoka. Nasema waweke wasimamizi wao wenyewe, waweke saa ya kumaliza, na wamwondoe kwa mikono yao wenyewe anayeleta fujo kabla polisi hawajafika. Wasioweza kufanya hivyo wabaki nyumbani.

Mama Mtunza Kumbukumbu:

Wapendwa, nimewasoma wote, na nashangaa kidogo kwamba mazungumzo yanakwenda kana kwamba kuna kutembea barabarani au kukaa kimya, na hakuna kitu katikati. Habari ya Phyllis Schlafly, mwanaharakati wa kihafidhina wa Marekani, inaonyesha kwamba nafasi hiyo ya katikati ni pana.

Bunge la Marekani lilipitisha marekebisho ya katiba kuhusu usawa wa haki za wanawake na wanaume mwezi Machi 1972, na ili yawe sheria yalihitaji kuridhiwa na majimbo 38. Katika mwaka wa kwanza majimbo 30 yaliridhia, na kila mtu aliamini kwamba shauri limekwisha. Schlafly alianzisha upinzani mwaka huohuo, akiwakusanya wanawake ambao wengi wao hawakuwahi kuingia katika jengo la serikali isipokuwa kwa shughuli ya lazima. Hakuwapeleka Washington. Aliwapeleka Springfield, makao makuu ya jimbo la Illinois, na katika miji mikuu ya majimbo mengine yaliyokuwa yakisitasita, na wakaenda na mikate waliyoioka wenyewe na chupa za jamu, wakawapa wabunge mmoja mmoja ofisini mwao pamoja na ujumbe wao. Mbunge wa jimbo si mtu mkubwa sana, na hapati wageni wengi. Akiletewa mkate na mpiga kura anayelijua jina lake na anayeahidi kurudi wiki ijayo, hilo si jambo la kulisahau hadi kura ipigwe.

Sasa linganisheni. Tarehe 9 Julai 1978 wapatao 100,000 waliandamana Washington kuyaunga mkono marekebisho hayo, na walipata walichokiomba, kwa sababu miezi michache baadaye Bunge liliongeza muda wa kuridhia kutoka 1979 hadi tarehe 30 Juni 1982. Lakini muda ulioongezwa haukuleta jimbo hata moja jipya. Yalibaki 35, na tarehe ile ikapita. Upande uliokuwa na umati mkubwa zaidi barabarani ulipata kalenda, na upande uliokuwa na mikate ukapata kura.

Mtu anaweza asimpende Schlafly wala asikubaliane naye, na mimi mwenyewe nina hoja zake ninazozikataa. Alichoelewa ni kwamba uamuzi ulikuwa mikononi mwa watu wachache katika majengo machache, akawaendea hukohuko. Hayo nayo ni maandamano, kwani wanawake wale walitoka hadharani, walionekana, walipigwa picha na kudhihakiwa na magazeti. Ila hayakuhitaji kumtisha mtu. Nafikiri mhafidhina ambaye mleta mada anamweleza, mwenye kazi na familia na aibu ya kupiga kelele, angejisikia yuko nyumbani katika shughuli ya namna hii kuliko nyuma ya kipaza sauti, na pengine wengi wao wanakaa kimya kwa sababu wanaalikwa kwenye aina moja tu ya kitendo ambayo haiwafai.

Kalamu Tulivu (mleta mada):

Nawashukuru nyote, na hasa Mama Mtunza Kumbukumbu, kwa sababu ameligusa lile lililokuwa likinitatiza bila mimi kuweza kulieleza. Nina maswali mawili yamebaki. La kwanza, wakulima wa Uholanzi waliojaza barabara kuu kwa matrekta tarehe 1 Oktoba 2019 wakipinga masharti ya kupunguza naitrojeni inayotokana na mifugo, je, tuwahesabu kama wahafidhina? La pili linamhusu Mchambuzi wa Jioni: umati ukiahidiwa jambo, urudi nyumbani au ubaki?

Mchambuzi wa Jioni:

Kuhusu wakulima wa Uholanzi, sidhani kama wengi wao waliamka asubuhi ile wakijiona wahafidhina; walijiona wakulima. Lakini walikuwa wakitetea mashamba waliyorithi na namna ya kuishi waliyotaka kuwaachia watoto wao, na hilo linatosha kwa mjadala wetu. Kinachonivutia ni kilichofuata. Mwaka huohuo wa 2019 kilianzishwa chama cha BoerBurgerBeweging, yaani vuguvugu la mkulima na raia, na katika uchaguzi wa mikoa wa Machi 2023 kikawa cha kwanza kwa kura, na kwa kuwa mabaraza ya mikoa ndiyo huchagua Seneti, kikapata humo viti 16 kati ya 75. Watu wengi waliokipigia hawakuwahi kukanyaga shambani. Kisha, katika uchaguzi wa Bunge wa Novemba mwaka huohuo, kilipata viti 7 tu kati ya 150, kwa kuwa wapiga kura walewale walikuwa wamepata jambo lingine la kuwakasirisha na chama kingine cha kulibeba. Kwa hiyo Mlinzi wa Zamu ana haki anaposema kwamba barabara huzaa vyama, na mimi naongeza kwamba vyama vilivyozaliwa barabarani huhitaji haraka sana kujifunza kuishi ndani ya kumbi.

Swali la pili linanirudisha mwaka 1536. Robert Aske, wakili aliyewaongoza wale mahujaji wa kaskazini, alikuwa na umati mkubwa kuliko jeshi ambalo mfalme angeweza kulikusanya kwa haraka. Mwezi Desemba waliahidiwa msamaha na Bunge litakalokaa York kusikiliza malalamiko yao, nao, kwa kuwa walimwamini mfalme na hawakutaka kuitwa waasi, wakatawanyika. Aske alialikwa London, akapokewa kwa heshima sikukuu ya Krismasi. Bunge la York halikuitishwa. Vurugu mpya zilipozuka mapema mwaka 1537, ingawa Aske mwenyewe alijaribu kuzizuia, mfalme alipata sababu aliyokuwa akiitafuta, na mwezi Julai Aske akanyongwa mjini York.

Leo hatunyongi waandamanaji katika nchi zenye sheria, lakini mbinu ya kuahidi kamati, kusubiri watu watawanyike na kisha kutoiitisha kamati bado inatumika sana, na mtu mwenye tabia ya kuheshimu mamlaka huiamini kwa urahisi kuliko wengine. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba warudi nyumbani, kwa sababu kukaa kunaleta yale ya Ottawa, lakini wasirudi kabla ahadi haijaandikwa ikiwa na tarehe na jina la aliyeitoa, na kabla wao wenyewe hawajakubaliana ni akina nani watakaokwenda kugonga mlango wa ofisi yake tarehe hiyo ikifika. Wawili au watatu wanatosha. Wakipenda, waende na mkate.